Jasho la Uwatu

Juzi hapa dereva mmoja wa lori, mtu mnene wa safari za Lusaka, aliingia kwenye kibanda changu cha chai akavua koti. Koti lilipopita mbele ya pua yangu nikapata harufu kali kidogo, tamu kidogo, kama sukari iliyosahauliwa motoni, kama mtu amekaangia mchuzi ndani ya shati. Nikasimama. Chapati ilikuwa kikaangoni, ikaungua upande mmoja, na baadaye nikamuuzia huyohuyo dereva nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Lakini kwanza nilimuuliza kama anakula uwatu, zile mbegu chungu za kiungo cha mchuzi, kwa kijiko, na kama anameza vidonge vya sukari. Akanitazama kama ameona mchawi. Wateja wengine wakacheka, wakasema mama chapati siku hizi ni daktari. Daktari gani, jamani, mimi shule niliachia kidato cha pili, na hicho kidato chenyewe nilikaa kama mgeni aliyesahau kuaga. Ila jasho la uwatu nalijua. Nililijulia kwa babu yangu, mzaa baba, na tangu siku ile nikilisikia siwezi kutulia mpaka niulize.

Tulikuwa tunakaa Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, enzi hizo bado tunaitwa Mkoa wa Mbeya. Mtaa wetu haukujua kulala. Injini zilinguruma usiku kucha, baiskeli zilivuka mpaka zimebebeshwa mifuko mpaka mwendeshaji haonekani, na akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, walipita mlangoni wakisalimu kwa Kibemba "mulishani, bamayo," yaani habari mama, wakiuza dagaa. Baba alikuwa dereva, tukimuona nyumbani kama watu wanavyouona mwezi mwandamo: kwanza ubishi kama ni yeye, halafu sherehe. Mimi nilikuwa darasa la nne na sikuweza kukaa sehemu moja. Mwalimu alimwambia mama kwamba huyu mtoto ana siafu kwenye kiti. Mama akajibu kwamba hata nyumbani anao.

Kisha babu akaletwa, nikapata mwenzangu wa siafu.

Babu alikuwa mtu wa Ileje, wa vilimani, Mndali ambaye maisha yake yote alikuwa ameshika jembe. Alianza kukonda, akawa anakunywa maji kama gari bovu linalochemka, na usiku mzima yuko nje anakojoa. Baba alimfuata, akampeleka kwenye zahanati moja hapo mjini, wakamtoboa kidole, wakamwambia ana sukari. Nesi akampa vidonge, akasema akae mjini kwanza, karibu na kipimo, mpaka sukari ikae sawa. Ikikaa sawa ataruhusiwa kurudi kwake.

Hilo neno la mwisho ndilo alilolisikia babu. Mengine yote yalipita juu ya kofia yake. Mvua zilikuwa zinakaribia, na shamba lake la mahindi lilikuwa halijaguswa. Mjini hapa hakuwa na kazi. Alitembea kutoka mlangoni mpaka barabarani, akatazama mawingu upande wa Ileje, akarudi, akakaa, akasimama, akatembea tena. Nilimfuata nyuma, hatua kwa hatua, na watu wakituona walidhani tunatafuta kitu kilichopotea. Alikuwa akiniita mke wake, kama mababu wanavyotania wajukuu. "Mke wangu," anasema, "hata ng'ombe anayepelekwa mnadani anaambiwa siku. Mimi naambiwa subiri."

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa. Kwetu, mke wa mtoto wako hakutazami usoni. Mkamwana na baba mkwe hawasemezani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawakai chumba kimoja, wala hawapishani mlangoni. Si chuki. Ni heshima, kubwa kuliko ya kanisani. Kule kijijini ni rahisi, kuna nafasi, mtu anakatiza kwenye migomba. Lakini nyumba yetu ya Tunduma ilikuwa ya vyumba viwili, sebule, na jiko la nyuma, na kati ya sebule na ukumbi mdogo wa kwenda jikoni palikuwa na pazia tu. Ndani ya nyumba hiyo walikaa watu wawili ambao hawatakiwi kuonana.

Kwa hiyo walikohoa. Babu akitaka kutoka, anakohoa. Mama akitaka kupita na ndoo, anakohoa. Babu akimaliza kula, anakohoa mara moja nzito, mama anajua vyombo vichukuliwe. Mgeni akija kututembelea alidhani ameingia wodi ya kifua kikuu. Na kama jambo halikuwezekana kusemwa kwa kikohozi, niliitwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba. "Mwambie babu yako maji ya kuoga yako tayari." Na babu amekaa palepale, anasikia kila neno kupitia pazia, lakini ananisubiri nipite, nisimame mbele yake, nimwambie. Halafu ananiambia, "Mwambie mama yako nimesikia." Ninarudi. Mama anasema nimwambie anashukuru. Kama ningelipwa kwa kilomita, ningekuwa tajiri kuliko baba.

Kliniki nilikwenda na babu na baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na haraka isiyoisha. Baba mdogo alikuwa anatuacha kwenye benchi anakwenda kuona biashara zake. Kwa hiyo maneno ya nesi yaliingia kwenye masikio ya babu, ambayo yalikuwa shambani, na kwenye masikio yangu. Nesi alikuwa mama mpana mwenye kutembea kama bata aliyeshiba, na mimi nikirudi nyumbani nilimwigiza. Nilifunga kanga kiunoni, nikajaza nguo nyuma, nikamtikisia mama kidole: dawa hizi ni kabla ya chakula, na chakula kiliwe, si kutazamwa! Akianza kutetemeka, akatoka jasho la baridi, akaongea ovyo kama mlevi, hiyo sukari imeshuka! Mpe maji ya sukari akiwa bado anaweza kumeza, kisha ale, kisha mlete! Akiwa amezimia msimmiminie kitu mdomoni, mtamziba pumzi, mleteni mbio!

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniambia nirudie hapo pa jasho la baridi. Nikarudia, na bata nikamwongeza. Akaniambia nirudie tena, bila bata.

Mama hakuwa na njia nyingine ya kumuuguza mkwe wake ila sufuria. Alianza na chai. Babu alikuwa amezoea chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama, na ilipokatazwa alisema chai hiyo sasa ni maji ya kuoshea vyombo. Mama akaenda sokoni kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyekuja Tunduma akimfuata mume dereva, akabaki na meza ya viungo. Aliuza mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi kavu, binzari, uwatu, vyote kwenye vifurushi vya gazeti. Sisi watu wa vilimani chakula chetu kilikuwa chumvi na njaa, viungo tulivijua kwenye harusi. Mama Zuhura akamwonyesha: kipande cha mdalasini kama kidole cha mtoto kwenye sufuria nzima, tangawizi ya kuponda, ichemke. Mama hakuishia hapo. Alinituma kliniki niulize kama viungo vina madhara, na nesi akasema vya kupikia chakula havina neno, ila visichukue nafasi ya dawa, na mgonjwa akitaka kutumia vingi kama dawa aje aseme kwanza.

Chai ile babu aliipenda. Hakusema, ila kikombe kilirudi kikavu. Na mama alimjua babu kwa vyombo vyake. Sura yake hakuwahi kuitazama, lakini aliweza kukwambia leo mzee ana hasira, maana miiba ya samaki imetupwa upande wa kushoto. Leo ana mawazo, maana ugali umeng'atwa katikati. Nilidhani mama ni mganga.

Siku zikaenda. Wingu likawa linakuja na kuondoka. Kila tukienda kliniki kidole kilitobolewa, nesi akatazama kile kipimo kidogo, akasema imepungua lakini bado, mzee wangu, bado kidogo. Babu akitoka pale anatembea mbele yangu mikono nyuma, anapiga mawe teke. Jirani yetu mmoja wa Ileje alipita kutuambia kule wenzake babu wameanza kulima. Usiku ule babu alikuwa akitembea sebuleni huku na huku, na mama chumbani kwake amekaa kitandani anasikiliza nyayo.

Ndipo nyumba ikaanza kunuka.

Sikuelewa. Sebule ilikuwa na harufu ile niliyowaambia, ya sukari iliyoungua. Blanketi la babu lilinuka, kofia ilinuka, na nilipokaa karibu naye nilijisikia kama nimekaa karibu na sufuria ya pilau isiyo na nyama. Nilimwambia babu unanuka mchuzi. Akacheka, akasema, "Mke wangu, ndiyo harufu ya mtu anayekwenda nyumbani."

Mama aliisikia kwenye mashuka alipokuwa anafua. Akayanusa, akayanusa tena. Alijua ni uwatu, lakini uwatu yeye alikuwa anatia punje chache tu kwenye mboga, hauwezi kufika kwenye mashuka. Na vyombo vikaanza kusema mambo mabaya. Ugali ulirudi umeguswa pembeni tu. Maharage yalirudi kama yalivyokwenda. Akanituma niulize kama babu anaumwa tumbo. Babu akajibu nimwambie mama kwamba mbuzi aliyeshiba haulizwi. Akanituma niulize kama anameza dawa. Babu akajibu nimwambie anameza. Akanituma niulize kama kuna kitu kingine anachokula, na hapo babu akaninyooshea kidole taratibu, akasema nimwambie mama yangu kwamba mkamwana hachunguzi mdomo wa mkwe wake.

Mama alisikia kupitia pazia kabla sijamfikia. Aliweka kichwa chini kama aliyepigwa.

Jioni ile baba mdogo alipopita, mama alimwambia, naye akiwa mlangoni anatafuna muwa, kwamba mzee hali, na ananuka uwatu. Baba mdogo akasema shemeji, uwatu ni mimea tu, ni chakula, hata watoto wananyweshwa. Na hiyo kesho ni siku ya kliniki, watapima, watajua. Mama akamwomba amuulize yeye, maana yeye ni mtoto wake wa kumzaa, anaweza kumtazama. Baba mdogo akasema atamuuliza. Akaondoka na muwa wake, akasahau.

Sasa mimi nawaambia nilichokijua baadaye, maana wakati ule sikujua kitu, nilikuwa nafukuza kuku. Babu, katika matembezi yake ya asubuhi, alikuwa amefika kwenye meza ya Mama Zuhura. Pale wazee wawili walikuwa wanasimuliana kwamba uwatu unaikata sukari kama panga. Akanunua. Hakujitambulisha kuwa yeye ndiye mkwe wa yule mteja wa mdalasini, na Mama Zuhura angejuaje. Akawa anausaga kwa jiwe, anaulamba kwa kijiko, kavu kavu, uchungu wake ukamfurahisha kwa sababu dawa isiyo chungu hakuiamini. Juu yake mdalasini nao, aliununua wake, akautafuna kama muwa. Vidonge akavimeza vyote, hata kimoja hakukiruka, kwa sababu alikuwa mtu mtiifu. Na chakula akakipunguza, akifikiri sukari inatoka kwenye ugali, basi ukiukata ugali umeikata mizizi. Kila kitu kimoja kimoja alikuwa amesikia mahali. Hakuna aliyemwambia visikutane.

Na mama upande wa pili wa pazia naye anapunguza mafuta, anatia uwatu kwenye mboga, anachemsha mdalasini kwenye chai. Watu wawili wanavuta kamba moja upande mmoja, kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Asubuhi ya kliniki babu aliamka mapema kuliko wote. Alikuwa ameshafunga mzigo wake. Nguo zote kwenye mfuko, jembe dogo alilonunua Tunduma limefungwa kwa kamba juu yake. Alikuwa na uhakika kwamba siku ile nesi atasema nenda. Akameza vidonge, akalamba uwatu wake, ugali wa jana na mboga akausukuma pembeni, akakaa kwenye kiti na kikombe cha chai mkononi kumsubiri baba mdogo. Baba mdogo akachelewa, kama kawaida yake. Babu akasimama, akakaa. Akasimama, akakaa. Mimi nilikuwa mlangoni narukaruka kwa mguu mmoja, natazama barabarani.

Mama alikuwa jikoni anasubiri kile kikohozi cha kuondoa vyombo. Hakikuja. Badala yake akasikia kikombe. Kilikuwa kinagonga meno. Ngo-ngo-ngo-ngo, laini, haraka, kama panya anayetafuna mbao. Nami nikakisikia, nikageuka. Babu alikuwa amelowa. Shati limegandana na mwili, na uso umekuwa wa majivu, na ile harufu ilijaa chumba kama mtu amefungua gunia. Nikamwita. Akanitazama, akaniita kwa jina la bibi, aliyekuwa amefariki kabla sijazaliwa. Akaniuliza kwa ukali kwa nini nimewaacha ng'ombe kwenye mahindi. Chai ikamwagika kwenye mapaja, hakuisikia.

Nikamwita mama. Mama akaja mpaka kwenye pazia, akasimama. Niliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia, havivuki. Akaniuliza ana jasho? Nikasema ndiyo. La baridi? Nikamgusa babu, akanisukuma. Nikasema kama samaki. Vile vidole vikarudi nyuma mbio, nikasikia kopo la sukari linafunguliwa.

Hapo baba mdogo akaingia na baiskeli yake. Akaona baba yake anatetemeka, akapiga magoti mbele yake, akaanza kulia na kufoka kwa pamoja. Mama akapitisha mkono kando ya pazia, umeshika kikombe, akaniambia nimpe babu. Baba mdogo akauliza ni nini. Nikasema maji ya sukari. Akakipiga kikombe kile mkononi mwangu, kikaanguka, maji yakasambaa sakafuni.

"Shemeji, una akili wewe? Mgonjwa wa sukari unampa sukari? Unataka kutuulia mzee?"

Na kwa mtu asiyejua, alikuwa na haki. Jina lenyewe la ugonjwa si linasema? Babu alikuwa ameanza kuteleza kwenye kiti, kichwa kinaanguka kifuani. Baba mdogo akasema twende hospitali, akaanza kuhangaika amweke vipi kwenye baiskeli.

Pazia likafunguka.

Mama akatoka. Nawaambia ukweli, sikuwahi kuwaona hao watu wawili chumba kimoja, na kwa sekunde moja nilitaka kukimbia, nikadhani paa litaanguka. Alikuwa ameshika bakuli la sukari na kijiko, kanga imemdondoka begani. Alimpita baba mdogo kama anavyopita nguzo. Akapiga magoti, akamshika babu kidevu, akauinua ule uso ambao hakuwahi kuutazama, akautazama.

"Nisamehe, baba," akasema. "Fungua mdomo."

Baba mdogo akamshika mkono. Mama hakugeuka.

"Shemeji, kama nimekosea mtanirudisha kwetu leo hii. Lakini kwanza niache."

Sijui ni sauti au ni nini, baba mdogo akaachia. Mama akampaka babu sukari kidogo ndani ya shavu, akamsubiri. Koo likapanda, likashuka. Alimeza. Akachanganya na maji kidogo, kijiko kimoja, akasubiri; kingine, akasubiri. Mate ya babu yalimtiririka mkononi, akayafuta kwa kanga yake. Alikuwa akimwambia maneno ya Kindali, polepole, kama unavyomwambia mtoto anayekataa uji. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwa mguu mmoja, nilisahau kuushusha mwingine.

Lori moja lilipita nje, vyombo vikatikisika. Kisha babu akafumba macho, akayafumbua, na nikaona mtu amerudi ndani ya macho yale. Alimwona mama. Mama akainamisha uso palepale, lakini mkono wake hakuutoa kidevuni mpaka kijiko kilipokwisha.

Baadaye akala ugali wa jana ambao alikuwa ameusukuma, mimi nikimlisha, mama ameshapotea nyuma ya pazia. Baba mdogo akakodi gari, tukampeleka. Nesi yule yule akapima, akasema bado iko chini, na akamzuia pale mpaka jioni, maana alisema vidonge vile havijamaliza kazi, sukari inaweza kuteleza tena. Alipousikia uwatu, na mdalasini wa kutafuna, na ugali uliokatwa, akakaa kwenye kitanda cha pembeni. Hakufoka. Alimwambia babu kwamba kiungo kikiwa ndani ya sufuria ni kiungo. Kikipanda kwenye kijiko kikalambwa juu ya vidonge na tumbo tupu, hiyo ni dawa juu ya dawa, na hakuna anayejua nguvu yake. Na mdalasini ule wa kutafuna kila siku unaweza kulichosha ini. Akamwambia vidonge asiache, chakula asiruke, na kitu chochote kipya, hata kama amepewa na mchungaji, kije kwake kwanza. Halafu akauliza nani alimpa sukari. Baba mdogo akatazama dirishani. Mimi nikasema mama. Nesi akasema huyo mama mumnunulie kitenge.

Kitenge hakikununuliwa. Kilichotokea ni kwamba kesho yake mama alinunua kuku.

Jogoo mwekundu, mzuri, wa kutaga ubishi. Akamfunga miguu, akaniita, akaniambia nimpelekee babu, nimwambie kwamba mkamwana wake amevuka mahali pasipovukwa, ameutazama uso wake na kumgusa, na anaomba asamehewe. Mimi nikakataa. Nilisimama pale jikoni nikakunja mikono, nikamwambia mama wewe ndiye umemponya, yeye ndiye alete kuku. Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Mama akanipa kofi dogo la begani, akasema peleka.

Nikampelekea. Nilidhani babu atacheka, atasema mambo gani haya ya kizamani, mwambie mama yako arudishe jogoo wake. Hakucheka. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka miguuni, akakaa muda mrefu akimpapasa manyoya. Tangu atoke zahanati alikuwa hatembei. Alikuwa amekaa tu kwenye kona, uso ukutani, hata mzigo wake hajaufungua, na mimi akinipita kwa macho kama hanijui. Sasa akavuta pumzi, akainuka, akavaa kofia yake.

"Mwambie mkamwana wangu," akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya mwenye mashamba, "nimepokea. Hakuna neno."

Siku hiyo akala sahani nzima. Mvua za kwanza zilimkuta bado Tunduma, na shamba alilimiwa na wengine mwaka ule, alilalamika sana kuhusu mistari iliyopinda. Aliruhusiwa kurudi wakati mahindi yameshafika magotini, na mdalasini wake mdogo wa chai, na maneno ya nesi ambayo nilimwigizia mpaka akayakariri. Yeye na mama hawakutazamana tena mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa uzee wake. Mimi nilibaki na hasira ya yule jogoo. Nilisema hadharani, hata mbele ya wakwe zangu, kwamba mila zingine ni za kuonea wanawake, na mfano wangu ulikuwa huo.

Mpaka mama naye alipopata sukari.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, naishi naye. Asubuhi moja alimeza vidonge akachelewa kula, sukari ikashuka. Nilimkuta sakafuni amejikojolea, anatetemeka, ananitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua. Nilifanya kama alivyofanya yeye. Nilimshika kidevu, nikampaka sukari, nikamfuta mate, nikambadilisha nguo. Akarudi. Nikafurahi, nikaanza vichekesho vyangu, nikamwigiza alivyokuwa akinitukana, nikifikiri atashika ukuta acheke.

Hakucheka. Aligeukia ukutani. Siku ile, na ya pili yake, na kuendelea, hakunitazama. Nikimpelekea chai anasema weka hapo. Mimi na mdomo wangu wote, niliyekuwa mdomo wa nyumba nzima, niliweka kikombe nikatoka. Nilizunguka nje, nikarudi, nikazunguka tena. Na hapo, nikiwa nimesimama uani na ufagio ambao sikuwa nafagia nao kitu, ndipo nilipomwelewa yule jogoo. Mama hakuwa anaomba msamaha kwa sababu alikosa. Alikuwa amemwona mzee akiwa mtoto, na alijua kwamba mzee anajua ameonekana. Basi akajishusha yeye, ili yule aliyelala chini apate mtu wa kumsamehe, na kwa kusamehe, ainuke awe mkubwa tena.

Mama yangu siku hizi ni mtu wa mjini, tulishaacha hayo mambo, na mimi si mkamwana wake, ni mtoto wake. Hakuna mila ya kuniruhusu nimpelekee kuku. Niliingia tu chumbani, nikapiga magoti mimi na mwili wangu huu, magoti yakalia kama mlango mbovu, nikasema mama, naomba unisamehe.

Hakuniuliza kwa nini. Akageuka, akanitazama usoni, moja kwa moja.

"Haya," akasema. "Nimekusamehe. Simama basi, kabla hatujatafuta wa kukunyanyua."